Sisi si "wajane wa kiume"

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kukuandikia. Ile habari yenu ya Juni 23, Siku ya Kimataifa ya Wajane, ndiyo imenichosha. Mwandishi wako kaandika "wajane wa kiume". Neno lipo: mgane. Akaongeza kwamba wanaume tunasahau mapema kwa kuwa tunaoa tena. Hayo kayatoa wapi?

Mke wangu tulimzika Lushoto mwezi Februari. Kamati ya msiba ilifungua kundi la WhatsApp la watu 94. Maturubai, viti, masufuria ya wali, basi la kutoka hapa Korogwe, vyote vilipatikana, nashukuru. Siku ya nne mweka hazina akabandika mapato na matumizi. Basi ikaanza: fulani ameondoka, fulani ameondoka. Nilikaa kitandani na simu mkononi nikiwatazama wakitoka mmoja mmoja, mashemeji, wanakwaya, walimu niliofundisha nao miaka 20, hadi saa nne usiku tukabaki mimi na mweka hazina, naye alikuwa anasubiri risiti ya turubai. Tangu hapo napigiwa kwa mambo mawili tu: mirathi imefikia wapi, na "Mwalimu, usikae peke yako, kuna dada mmoja mcha Mungu." Siku ya 21 hiyo! Jirani yangu Mwislamu alipofiwa na mumewe alikaa eda miezi minne na siku kumi, mtaa mzima ukajua huyu ana msiba. Mimi nikivaa shati lililopigwa pasi, nimeshapoa. Nikivaa lisilopigwa, nitafutiwe mke.

Na hiyo mirathi yenyewe! Katika ofisi moja, karani alisoma cheti cha kifo juu mpaka chini, kisha akaniuliza kama marehemu hawezi kufika mwenyewe kuweka dole gumba. Nikaambiwa nirudi Jumatatu. Jumatatu nikaambiwa Alhamisi.

Mmetushauri tutafute mtu wa kuzungumza naye. Mimi nashauri kamati za msiba zisivunjwe siku ya nne. Zibakize shilingi 30,000 za michango, wapangwe watu wawili kila Jumatano saa kumi na mbili jioni, waje na mboga mbichi, na mmoja wao awe anajua kuunga maharage kwa nazi. Neno la faraja wasilete. Viti ninavyo.

Mgane,
Korogwe, Tanga