Noeli Njema kutoka Matongé, Ixelles

Ndugu zangu, mama zetu na baba zetu, wadogo zangu mliofika Ubelgiji majuzi na bado mnashangaa baridi hii: Noeli njema, na Bonane, yaani Mwaka Mpya, yenye heri kwa kila nyumba. Nawaandikia kutoka Matongé, mtaa wa Waafrika ulioko Ixelles, moja ya komini (manispaa) 19 za mkoa wa Brussels, ambako majira haya jua linachomoza karibu saa 3 kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa 11 jioni. Mchana ni mfupi kiasi kwamba mtu anaenda kazini gizani na kurudi gizani. Ndiyo maana taa zinazotundikwa barabarani mwezi wa Desemba zinatugusa kuliko tulivyodhani tulipokuwa nyumbani.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Noeli, Chaussée de Wavre, barabara ya mtaa wetu, haipitiki. Ukitoka metro ya Porte de Namur unasikia kwanza muziki, halafu harufu ya samaki. Makayabu, samaki wa chumvi, yamerundikwa kwenye makatoni mlangoni, chumvi imeganda pembezoni mwa kila kipande. Sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, iko ndani ya friza, mifuko imeshikana hadi muuzaji aigonge mezani ndipo iachane. Chikwanga, mkate wa muhogo, imo ndani ya majani yake. Katika Galerie d'Ixelles saluni zimejaa tangu asubuhi: akina mama wanasukwa, watoto wamelala mapajani mwao, binti mmoja ameshika simu mkono wa kushoto na kwa mkono wa kulia anampa msusi nywele, fungu kwa fungu. Lingala ndiyo inayotawala hapa, hilo halina ubishi. Lakini simama kidogo penye foleni ya vitunguu na ndizi, utasikia Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu, cha Bujumbura, na mtoto akimjibu mama yake kwa Kifaransa.

Ikifika usiku wengi wa watu hawa wanaondoka. Kodi za nyumba Ixelles ni kali, na wanaokuja Matongé wanaishi Anderlecht, Molenbeek, Schaerbeek, wengine hata Liège au Lille ng'ambo ya mpaka. Wanapanda basi la 71 au metro, mifuko miguuni, wanarudi kwao. Mgeni akiniuliza kwa nini basi mtaa unaitwa wa Waafrika, namwambia aje aone nani anakutana na nani pale.

Jambo hili lina mwanzo wake, na ningependa vijana wetu waujue. Zama za ukoloni, Wakongo walioruhusiwa kuja Ubelgiji walikuwa wachache mno. Uhuru wa 1960 ulipofika, wanafunzi wakaanza kuja, na wengi hawakuwa na mahali pa kulala wala mtu wa kumuuliza chochote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Monique Van der Straeten alianzisha Maison Africaine huko Rue d'Alsace-Lorraine, hapahapa Ixelles: nyumba ya kuwapokea wanafunzi hao. Jioni walitembea kwa miguu hadi Porte de Namur, kwenye mikahawa na kumbi za dansi. Nyuma yao wakaja wafanyabiashara, wasusi, wauza vitenge na wauza santuri, na katika miaka ya 1970 Wazaire wenye pesa walikuja kununua nguo. Kutokana na shughuli hizo mtaa ukapewa jina la Matonge ya Kinshasa, ile iliyoko katika komini ya Kalamu na inayosifika kwa muziki na usiku wake mrefu. Ninapolifikiria hilo kila Desemba, naona kwamba soko hili lote, saluni hizi zote, zilikua kando ya wanafunzi waliokuwa mbali na kwao wakati wa sikukuu na waliotafuta mtu wa kula naye.

Ixelles yenyewe ni ya zamani zaidi kuliko sisi sote. Abasia ya La Cambre ilianzishwa karibu mwaka 1201 na masista wa shirika la Sitoo (Cîteaux), na bustani zake bado ni mahali pazuri pa kutembea hata wakati huu miti imekauka. Kilikuwa kijiji cha mabwawa. Mawili yamebaki chini ya Place Flagey, mbele ya jengo la manjano la redio ya taifa la miaka ya 1930, ambalo wenyeji wanaliita meli. Mwaka 1864 jiji la Brussels lilitwaa Avenue Louise, na tangu hapo Ixelles imekatwa vipande viwili hadi leo.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho ningemwomba kila msemaji wa Kiswahili akakione kwa macho yake. Kutoka Porte de Namur, fuata barabara kuu dakika chache tu hadi Place du Trône, nje kidogo ya mpaka wa Ixelles. Hapo yupo mfalme Leopold wa Pili juu ya farasi, sanamu iliyosimamishwa mwaka 1926. Huyu ndiye aliyeimiliki Kongo kama mali yake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908. Sogea karibu usome maandishi: yanasema shaba na bati ya sanamu hii ilitoka Kongo ya Wabelgiji, ikatolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi. Bure! Walioichimba walikuwa Katanga, katika migodi na kambi ambazo Kiswahili kilikuwa kinageuka lugha ya kazi. Pengine babu wa mmoja wenu anayesoma hapa alikuwemo. Kila ninapopita pale nawakumbuka wao kuliko huyo aliye juu ya farasi, na Desemba, mvua inapoinyeshea ile shaba, nawaombea.

Mwanzoni mwa safari hiyohiyo fupi, pale Porte de Namur, kuna uwanja wenye jina la Patrice Lumumba. Ulizinduliwa tarehe 30 Juni 2018, siku ya uhuru wa Kongo, baada ya wanaharakati wetu kuudai kwa miaka mingi bila kuchoka. Wengi wanaupita haraka kwa sababu ni mdogo. Januari 1960 Lumumba alitolewa gerezani Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, akaletwa kwa ndege hapa Brussels kwenye mkutano wa Meza ya Mviringo uliopanga siku ya uhuru. Hata mwaka haukutimia, tarehe 17 Januari 1961 akauawa hukohuko Katanga. Kumbukumbu yake inaangukia siku ambazo bado tunapeana Bonane. Pitieni na watoto, wasomeeni jina lile kwa sauti, muwaeleze kwamba mtu huyu aliongea Kifaransa na Lingala, na Kiswahili pia.

Watoto wetu nao wamezaliwa katika sikukuu za hapa, na mimi sioni ubaya. Tarehe 6 Desemba wanamngojea Saint-Nicolas, wanaacha viatu vyao mahali pa kuonekana na asubuhi wanakuta machungwa madogo, chokoleti na biskuti za spekulosi. Noeli inapokaribia, waoka mikate wanatoa cougnou, mkate laini wa maziwa na siagi uliofinyangwa umbo la kitoto kichanga kilichofungwa nguo, na punje za sukari juu yake. Nyumbani kwangu tunaukata asubuhi ya Noeli tukiwa na chai ya tangawizi. Mchana ni bugali, sombe na dagaa wa Tanganyika wakipatikana. Watoto hawajawahi kuuliza kipi ni cha huku na kipi ni cha kule, na chote kinaliwa.

Tangu Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, zilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, simu zetu za Noeli zimekuwa na uzito mwingine. Benki zikafungwa, na kutuma pesa kidogo ya kitoweo kumegeuka kazi ya siku nzima. Mama zangu, dada zangu mlioko kule: hatujawasahau. Hapa Matongé, kabla mtu hajauliza bei ya ndizi, anauliza kwanza kama umepata habari za nyumbani.

Ombi langu la mwaka huu ni dogo. Kampasi ya Solbosch ya Chuo Kikuu Huria cha Brussels (ULB) iko hapa, kati ya Ixelles na jiji la Brussels, na Desemba wanafunzi wa Kibelgiji wanarudi kwa wazazi wao. Anayebaki peke yake ndani ya kot, chumba cha kupanga cha wanafunzi, ni kijana wetu kutoka Lubumbashi, Uvira, Kigali au Bujumbura, akila tambi na kuwaambia wazazi wake kwa simu kwamba yuko sawa. Mwalikeni. Mwenye nafasi ya mtu mmoja mezani tarehe 25 aseme sasa, asingoje tarehe 24, maana wengi wao wana haya na hawatagonga mlango bila kuitwa. Mwenye gari amfuate, usafiri ni haba siku hiyo. Na wewe kijana ukialikwa, usikatae kwa kuona aibu kwamba huna cha kubeba. Njoo mikono mitupu, utaosha vyombo.

Salamu pia kwa majirani zetu Waislamu ambao maduka yao yanabaki wazi siku ya Noeli, tukasahau vitunguu tukavipata kwao. Mungu awalipe.

Noeli njema, ndugu zangu. Bonane njema 2026, na tukutane Chaussée de Wavre.