Kabla ya kuwaita Wachina wakali, tutazame mgongo wa mtoto na karatasi ya mahakama

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa wenu wa malezi kwamba familia za Kichina zilizohamia Marekani hukorofishana na shule na hospitali kwa sababu ni wakali kupita kiasi kwa watoto wao. Sikubaliani naye. Ukali upo, kama ulivyo kwetu, lakini migogoro inayoumiza familia hizo zaidi haianzii kwenye fimbo. Inaanzia kwenye alama ya ngozi ambayo hakuna aliyeieleza mapema, au kwenye sahihi iliyowekwa juu ya karatasi ambayo mwenyewe hakuielewa. Nayasema haya kwenye gazeti la Kiswahili kwa sababu Waswahili waliohamia huko wanapita njia hiyo hiyo, na desturi nyingi zinazowaponza Wachina tunazo na sisi.

Nianze na gua sha. Mtoto akishikwa na homa, mafua au maumivu ya kichwa yanayotokana na joto, bibi humpaka mafuta mgongoni, kisha hukwangua ngozi kwa kitu chenye ukingo butu: kijiko cha supu cha kauri, sarafu, au kipande cha pembe ya nyati kilicholainishwa. Hukwangua kuelekea upande mmoja tu, kutoka shingoni kushuka kandokando ya uti wa mgongo, halafu kutoka katikati kwenda nje kufuata mbavu. Kila mstari hurudiwa mpaka vitone vyekundu vitokeze. Siku ya pili mgongo una michirizi ya rangi ya zambarau, na baada ya siku chache yote imefutika. Wavietnamu na Wakambodia nao wana tiba kama hii.

Sasa mtoto huyo apelekwe shule kesho yake, fulana ipande wakati wa mazoezi, mwalimu aone. Sheria za majimbo yote ya Marekani zinamlazimu mwalimu, muuguzi na daktari kutoa taarifa wanaposhuku kwamba mtoto anaumizwa. Shuku inatosha, hawasubiri ushahidi, na katika majimbo mengi anayenyamaza anaweza kushtakiwa. Mfumo huu ulipata nguvu kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 kuhusu kuzuia ukatili kwa watoto. Kwa hiyo mwalimu anayepiga simu si lazima awe na chuki na Wachina. Anafanya kazi yake. Atakuja ofisa, atamhoji mtoto peke yake: nani amekufanya hivi? Bibi. Iliuma? Ndiyo. Mtoto wa miaka minne amesema kweli tupu, na kila neno limemzamisha bibi.

Daktari mzoefu huweza kutofautisha. Michirizi ya gua sha huenda sambamba, hulingana pande zote mbili za uti wa mgongo, na hufuata mbavu. Pigo la fimbo huacha mistari miwili yenye weupe katikati, na waya uliokunjwa huacha umbo la kitanzi. Lakini si kila zahanati ina daktari mzoefu, ndiyo maana mzazi aseme kabla ya nguo kuvuliwa: nani alikwangua, siku gani, kwa kifaa gani, na kwa sababu ya ugonjwa gani. Kijiko chenyewe kikiletwa ni bora zaidi. Maelezo yanayotolewa mapema huandikwa kama historia ya tiba. Yale yale yakitolewa baada ya kuulizwa huonekana kama utetezi.

Wala nisiitetee tiba hii bila mipaka. Kijiko kilichomeguka huchana ngozi. Kukwangua tena kabla alama za kwanza hazijafutika huumiza bure. Mtoto ambaye damu yake haigandi vizuri hafai kuguswa kabisa. Mafuta yenye kafuri ni sumu mtoto mdogo akiyameza. Na mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu hapo kila saa inayopotea kwenye kijiko ni hatari.

Kuna alama nyingine ambayo hakuna mtu aliyeifanya. Watoto wengi wa Kichina huzaliwa na baka la rangi ya bluu na kijivu kiunoni au matakoni, na watoto wa Kiafrika pia. Haliumi, na hufifia lenyewe katika miaka ya mwanzo. Mlezi wa kituo cha watoto asiyelijua huona damu iliyovilia. Tofauti ni kwamba damu iliyovilia hubadilika rangi kadiri siku zinavyokwenda, kutoka nyekundu hadi kijani na manjano, ilhali baka hili hubaki vile vile wiki hadi wiki. Dawa yake ni ndogo: siku ya kwanza kwa daktari wa watoto, omba aandike kwenye faili mahali lilipo na ukubwa wake kwa sentimita, kisha nakala ipelekwe kituoni pamoja na fomu za kujiandikisha. Mama wa Kiswahili afanye hivyo hivyo. Kama mtoto ana chale, au amepigwa chuku, hilo nalo liandikwe. Mwaka 2016 dunia nzima iliona miduara ya chuku mabegani mwa muogeleaji Michael Phelps kwenye Olimpiki ya Rio na ikapokea maelezo yake. Mtoto wa mhamiaji hana jina la kumtangulia, anahitaji karatasi.

Uzazi nao una mikwaruzano yake. Mama wa Kichina akijifungua hukaa ndani mwezi mzima, ndio unaoitwa zuo yuezi. Hanywi cha baridi, hapigwi na upepo, wengine hawaoshi nywele, na hulishwa kuku wa tangawizi na mafuta ya ufuta, au miguu ya nguruwe iliyopikwa kwa siki nyeusi. Sisi tuliolelewa na arobaini na kukandwa maji ya moto hatuhitaji kufafanuliwa. Lakini wodini Marekani muuguzi humletea mzazi kikombe cha maji ya barafu kwa wema kabisa, akamhimiza aoge, na mama akikataa vyote anaonekana ana tatizo. Baadaye huulizwa maswali kumi ya kupima sonona ya uzazi. Mama asiyetoka nje, asiyeoga na asiyepokea wageni hutia shaka hata pale anapofuata tu maagizo ya mama mkwe. Mwingine ana sonona kweli, na desturi inamficha. Hapa hakuna njia ya mkato: muulizaji lazima aijue desturi, ndipo aulize kuhusu usingizi, hofu na machozi badala ya kuhesabu siku alizokaa ndani.

Kilicho hatari kweli ni kumfungia mtoto ndani pamoja na mama. Mtoto mchanga anatakiwa kuonwa na daktari akiwa na siku tatu hadi tano, kwa sababu siku hizo ndipo manjano, yaani ngozi na macho kugeuka rangi ya njano, hupanda. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao unapatikana kusini mwa China kama unavyopatikana pwani yetu, huweza kuyafanya manjano hayo yafikie kiwango cha kuharibu ubongo. Nguo za mtoto zilizohifadhiwa na vidonge vya naftalini, vile vyeupe vya kufukuza nondo kabatini, huzidisha hatari hiyo. Mama mwenye yuezi anaweza kubaki nyumbani, na baba au bibi ampeleke mtoto.

Nije sasa kwenye karatasi, maana huko ndiko machozi yaliko. Familia nyingi kutoka Fujian, jimbo la kusini-mashariki mwa China, zinazofanya kazi migahawani New York huwapeleka watoto wao wachanga kwa babu na bibi China, kisha huwarudisha wanapofika umri wa kuanza shule. Majirani Wamarekani husema wamewatupa. Hawajawatupa: mgahawa unafungwa usiku, malezi ya kulipia ni ghali, na kijijini kuna bibi. Mtu wa kwetu aliyekulia kwa bibi Tanga au Kisumu anaelewa bila kuambiwa.

Yanayoharibika ni mambo yanayoweza kupangwa. Pasipoti ya Marekani ya mtoto wa chini ya miaka 16 hudumu miaka mitano tu, kwa hiyo aliyeondoka mchanga hufikia umri wa shule wakati pasipoti yake inakaribia kwisha. Kuipata mpya kunahitaji idhini ya wazazi wote wawili, na asiyekuwepo atume fomu ya DS-3053 iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji rasmi. Kwa familia za Fujian ubalozi mdogo unaohusika uko Guangzhou, si mlangoni. Mtoto akifika New York, shule hudai kadi ya chanjo. China hutoa dozi ya kwanza ya surua katika miezi minane, na Marekani haihesabu dozi iliyotolewa kabla ya mwaka mmoja, hivyo mtoto huchomwa upya na mzazi huona ameitwa mwongo. Sisi tunaochanja surua katika miezi tisa tunakutana na hilo hilo. Halafu kuna kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani, ambalo Wamarekani wengi hawana. Kipimo cha kifua kikuu cha ngozi huweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu, na ndugu wakaogopa. Omba kipimo cha damu, maana hicho hakichanganywi na chanjo.

Karatasi inayoogopesha kuliko zote ni ile ya ulezi. Memphis, jimbo la Tennessee, mwaka 1999, wazazi wa Kichina waliokuwa kwenye dhiki walimkabidhi binti yao wa wiki chache kwa familia ya kumlea kwa muda. Miezi michache baadaye walisaini mahakamani hati ya kuhamisha ulezi, wakiamini ni mpango wa muda utakaompatia mtoto bima ya afya. Walipomtaka mtoto, familia ile ilikataa. Januari 2001 polisi waliitwa, wazazi wakaambiwa waondoke kwenye nyumba ile, nao wakaelewa kwamba wakirudi watakamatwa. Wakaacha kwenda. Sheria ya Tennessee ilichukulia miezi minne bila kumtembelea mtoto kuwa ni kumtelekeza, na mwaka 2004 mahakama iliwafutia haki zao za uzazi. Ilibidi wafike Mahakama ya Juu ya jimbo, ambayo Januari 2007 ilitamka kwamba walisaini bila kujua matokeo ya walichosaini, na ikaamuru mtoto arudishwe. Alikuwa anatimiza miaka minane, na hakuwa na lugha ya kuzungumza na mama yake.

Kwa Mchina, kama kwa Mswahili, mtoto kukaa kwa mtu mwingine hakumfuti mzazi. Kwa sheria ya Marekani kuna tofauti kati ya hati ya uwakilishi, ambayo mzazi humpa ndugu uwezo wa kumpeleka mtoto shule na hospitali na anaweza kuifuta mwenyewe, na amri ya mahakama ya ulezi, ambayo mahakama tu ndiyo huweza kuifuta. Mzazi anayetaka msaada wa miezi mitatu atafute ya kwanza. Na anapomwacha mtoto, aandike tarehe ya kila ziara na kila simu, atunze risiti za maziwa na nguo alizopeleka. Akizuiwa kumwona, asinyamaze. Siku hiyo hiyo aiandikie mahakama au wakili.

Shuleni mambo ni mepesi kidogo. Mtoto aitwaye, tuseme, Chen Xiaoyu huandikwa Xiao Yu Chen, kompyuta ikageuza Yu kuwa jina la kati, na mwaka mzima anaitwa Xiao. Mama yake ana ukoo tofauti kwa sababu wanawake wa Kichina hawabadili majina wakiolewa, kwa hiyo abebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto anapokwenda kumchukua. Wazazi husikia sifa za mtoto wakajibu "hapana, ni mvivu", kwa unyenyekevu ule ule unaotufanya sisi tuogope kijicho, na mwalimu anaandika kwamba nyumbani hawamthamini. Hukaa kimya mkutanoni kwa heshima, na kimya kinasomwa kama kutojali.

Hata hivyo ni wazazi wa Kichina waliokataa kunyamaza ndio waliowafungulia wengine njia. San Francisco, miaka ya 1970, wanafunzi wa Kichina wapatao 1,800 wasiojua Kiingereza walikuwa wanakalishwa darasani bila msaada wowote wa lugha. Kesi yao, Lau dhidi ya Nichols, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1974 majaji waliamua kwamba kumpa mtoto vitabu na mwalimu wale wale bila kumsaidia aelewe lugha hakumpi elimu sawa. Mtoto wa Kikongo anayezungumza Kiswahili, anayepewa leo mwalimu wa Kiingereza katika shule ya umma huko Kentucky au Ohio, anakula matunda ya kesi hiyo.

Ndiyo maana naomba, Mhariri, ukurasa wa malezi uache kupima nani mkali kuliko nani, uwaeleze wasomaji wetu walioko ughaibuni haki hii moja kwanza: shule za umma na hospitali zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinatakiwa kumpa mzazi mkalimani bila malipo, na hospitali haitakiwi kumtumia mtoto kama mkalimani isipokuwa kwa dharura. Ombi litolewe wakati wa kuweka miadi, kwa maandishi, likitaja lugha kwa usahihi: Kikantoni si Kimandarini, na mzee wa Fuzhou, mji wa Fujian wenye lugha yake, huenda asielewe yoyote kati ya hizo, kama ambavyo Mnyamulenge asipewe mkalimani wa Kifaransa eti kwa kuwa ametoka Kongo. Wakileta karatasi ya kusaini kabla mkalimani hajafika, mzazi ana haki ya kuiweka kalamu chini na kusubiri.

Msomaji wenu,
mkalimani wa hospitali,
Columbus, Ohio