Kihispania si wakati uliopo pekee

Mhariri,

Wanafunzi wengi wa Kihispania hapa Kisumu hukariri hablo, hablas, habla, yaani wakati uliopo wa hablar, "kuzungumza", kisha hukwama. Kwa tendo lililokwisha, ondoa -ar katika hablar, shina habl- lipokee viambishi: hablé, hablaste, habló. Mazoea ya zamani ni hablaba. Wakati ujao ndio huwapotosha, kwani hapo -ar haikatwi: hablaré, hablarás, hablará.

Alama ya mkazo isidharauliwe kamwe! Hablo ni "nazungumza", habló, "alizungumza".

Walimu, msiicheleweshe dhamira tegemezi, umbo la kitenzi linalofuata maneno kama "nataka". Quiero que hables, nataka uzungumze: a imegeuka e, sawasawa na Kiswahili chetu. Vitenzi vya -er na -ir huenda kinyume, comer, "kula", ikawa comas, "ule".

Msomaji,
Kisumu