Shule ya Kikatoliki kuwa mchanganyiko sio kulegea

Mhariri, naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba shule ya Kikatoliki ikishachanganya wavulana na wasichana basi imekuwa shule ya kawaida tu, ada yenyewe unaitupa. Mimi ni mzazi naishi Marekani, nina mapacha, wa kike na wa kiume, wote wanasoma sekondari ya Kikatoliki ya mchanganyiko, zile za kumuandaa mtoto kwa chuo kikuu, wako mwaka wa tatu kati ya minne, kwa hiyo naongea kitu nachokiona nyumbani kwangu kila siku.

Kweli zamani Kanisa lenyewe lilikuwa halitaki, Papa Pius XI aliandika mwaka 1929 kupinga kabisa wavulana na wasichana kusomeshwa pamoja, na shule ya Kikatoliki ya huku kama Georgetown Prep iliyoanza 1789 mpaka leo ni ya wavulana watupu. Sawa, na wapo watoto zinawafaa, sibishi. Ila sekondari nyingi za Kikatoliki huku sasa hivi ni mchanganyiko, na misa ipo palepale, somo la dini lipo, hata kwa mtoto ambaye sio Mkatoliki.

Mfano naoupenda ni shule ya mchanganyiko ya Cristo Rey ya Chicago, maana yake kwa Kihispania Kristo Mfalme. Wajesuti, shirika la mapadre wa Kikatoliki, waliianzisha mwaka 1996 mtaa wa Pilsen, kwa watoto wa wahamiaji kutoka Mexico ambao wazazi wao ada wasingeiweza, sasa wakafanya hivi, kila mwanafunzi siku moja kwa wiki anaenda kazini, ofisi ya wanasheria, benki, hospitali, yaani wanafunzi wanne wanagawana nafasi moja ya kazi na malipo yanaenda shuleni kufidia gharama. Msichana anaenda, mvulana anaenda, hakuna cha huyu abaki. Leo shule za mtindo huo zimepita 30 Marekani. Hapo kulegea kuko wapi jamani?

Na kwangu mimi faida kubwa nimeiona kwenye maongezi ya mezani. Siku moja walijadili ndoa kwenye kipindi cha dini, kijana wangu akarudi kimya, namuuliza vipi, akaniambia mama leo wasichana wametufunga mdomo, halafu akaanza kuniuliza maswali kuhusu mimi na baba yake ambayo hajawahi kuuliza tangu azaliwe. Dada yake hesabu anamzidi mbali, na huyu wa kiume haoni aibu kumuomba amuelekeze, maana darasani kamzoea msichana anayejibu kwanza.

Kwa hiyo mzazi anayetafuta shule asiishie kuuliza wamechanganywa au la. Aulize wangapi wanaingia chuo na wangapi wanamaliza, mshauri wa wanafunzi mmoja anahudumia watoto wangapi, kuna msaada wa ada au hakuna, nani anakaa na familia kujaza fomu za msaada wa serikali wa kulipia chuo, maana hizo fomu ukikosea mtoto anakosa hela. Sisi zile za msaada wa ada ya sekondari tulijaza na mshauri pale shuleni jioni mpaka saa mbili usiku, mapacha wote wawili pembeni yetu, na hakutuharakisha hata kidogo.

Mzazi wa mapacha,
Marekani