Shoga, mguu huo usikandwe

Tanga, Alhamisi usiku

Shoga yangu,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa kichanga chetu. Ujumbe wako umeninyima usingizi. Unasema uvimbe wa mguu wenye donge la damu umepungua, sindano za heparini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, zimekuchosha, na mama mkwe anataka kuukanda mguu kwa maji ya moto na kuuchua kwa mafuta. Nakuomba sana, usikubali.

Kinachonitisha mimi ni mapafu. Donge lile limeshika kwenye mshipa mkubwa wa paja. Likimeguka kwa kukandwa, kipande hupanda na damu mpaka moyoni, na moyo hukisukuma kwenye mapafu, ambako mishipa huzidi kuwa myembamba, kikakwama. Kipande kikubwa kinaweza kuua kabla hujafikishwa hospitali. Madonge ya pajani yasipotibiwa, karibu nusu ya wagonjwa hupatwa na madonge mapafuni ndani ya miezi 3. Na uvimbe kupungua si kwamba donge limekwisha. Heparini hailiyeyushi, inalizuia lisikue, mwili ndio unaolimaliza polepole.

Nawe umejifungua kwa operesheni, na wiki 6 za mwanzo za uzazi damu huganda upesi. Unamkumbuka Serena Williams, yule mcheza tenisi? Alishapata madonge mapafuni mwaka 2011. Septemba 2017, siku moja baada ya kujifungua kwa operesheni, pumzi zikambana, na dawa zake zilikuwa zimesimamishwa kwa ajili ya upasuaji. Akadai apigwe CT skani, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, na awekewe heparini. Wakampima miguu kwanza kwa altrasaundi, wasione kitu. Ilipokuja CT, madonge yakaonekana mapafuni. Yule mwanamke alijitetea mwenyewe, shoga.

Kuhusu maziwa, toa hofu. Kwa heparini unanyonyesha, na hata wakikuhamishia vidonge vya wafarini, navyo vya kuzuia damu kuganda, utanyonyesha.

Pumzi zikikubana ghafla, kifua kikichoma ukivuta hewa, ukikohoa damu, moyo ukienda mbio au ukihisi kuzimia, usingoje kukuche. Hospitali saa hiyohiyo, na mlangoni useme una donge la damu mguuni. Shemeji naye ajue kulisema hilo, maana wewe huenda ukakosa pumzi ya kusema.

Mama mkwe nitampigia mwenyewe kesho baada ya alasiri, nimweleze kwa adabu, najua kumkatalia ni kazi kwako. Jumapili nakuja kwa basi la asubuhi. Usiruke sindano hata moja.

Shoga yako,
Mama Nuru