Mkanda Anaumwa Mapafu

Mwanangu mpenzi,

Naanza na lile unalolitaka, maana nakujua utaruka mistari: chatu wako Mkanda yu hai, anatibiwa, na daktari ana matumaini naye. Ana maambukizi ya njia ya hewa yaliyoteremka hadi mapafuni. Sikukwambia mapema kwa sababu ulikuwa kwenye mitihani, nami namjua mtoto niliyemzaa, ungeacha karatasi mezani ukaja mbio. Sasa mitihani imekwisha. Soma kwa utulivu, kwani ukirudi kazi hii naikabidhi kwako.

Nilianza kusikia sauti. Nilikuwa nambadilishia maji usiku, nyumba imetulia, nikasikia mlio mdogo, tik, tik, kila anapovuta pumzi. Nikasema labda anakaribia kujivua gamba, maana wakati ule nyoka huweza kupiga kamluzi puani na kisiwe kitu. Lakini macho yake yalikuwa maangavu, hayana ule ukungu. Nikammulika na tochi. Kwenye tundu moja la pua palikuwa na kipovu: kinavimba, kinapasuka, kinavimba tena. Kichwa kakiinua kwenye kona ya kizimba chake cha kioo, shingo imenyooka, mdomo umeachana kidogo. Wewe ungesema anachungulia nje. Mimi niliona anatafuta hewa.

Daktari alinieleza jambo ambalo sikulijua na limenikaa. Nyoka hana kiwambo cha kutenganisha kifua na tumbo kama sisi, kwa hiyo hawezi kukohoa akatoa makohozi. Kamasi ikishaingia ndani, imekaa. Na usaha wa nyoka hauwi majimaji, huganda, ndiyo maana dawa hupata taabu kuufikia. Chatu angalau wana mapafu mawili, la kulia kubwa na la kushoto dogo. Nyoka wengi wengine la kushoto limebaki jina tu. Basi kuinua kichwa ndiyo mbinu pekee aliyonayo. Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua, na huyu mnyama wako ndiye bingwa wa kuficha. Ukiona dalili, ujue ugonjwa una muda.

Tulimpata daktari wa wanyama aliyezoea reptilia, na hilo si dogo, kwa sababu madaktari wengi wa mbwa na paka wanakwambia kwa uungwana kabisa kwamba hawamwezi. Alimfungua mdomo kwa kijiti laini cha plastiki akaangalia kama fizi zina vidonda, akachukua ute kwa pamba mlangoni mwa koo ili ukaoteshwe maabara, akampiga picha ya eksirei. Akampima uzito. Hapo lile daftari lako la uzito lilifanya kazi kuliko maelezo yangu yote, maana alilinganisha mwezi kwa mwezi akaona ameanza kupungua lini.

Kisha akauliza joto. Nikajibu kwa kujiamini: nyuzi 31, nasoma kila siku. Akauliza, kipimajoto kiko wapi? Nikamwambia kiko pale mwanangu alipokibandika, kwenye kioo, karibu na taa. Akatabasamu tu. Tuliporudi nyumbani nikateremsha kipimo hadi sakafuni, ndani ya maficho yake anamolala mchana kutwa. Kikasoma 24.

Mwanangu, nyoka hapandi ukutani kwenda kusoma kipimajoto. Analala sakafuni. Chatu wa aina yake, wenye asili ya Afrika Magharibi, wanataka upande wa moto uwe nyuzi 30 hadi 32 na upande wa baridi 25 hadi 27, hapo tumbo linapogusa. Na joto kwake si starehe. Kinga yake yote inategemea joto la nje, mwili ukipoa na kinga inalala. Vijidudu vilivyomshambulia huenda vilikuwa mdomoni mwake miaka yote bila kumdhuru, vikingoja siku kama hizo. Ungempa sindano za dunia nzima kwenye nyuzi 24, zisingemsaidia. Hili ndilo nataka ulishike kuliko mengine yote humu: dawa inasaidia mwili unaopigana, na mwili wa nyoka aliyepoa haupigani.

Sasa upande wa joto tunaushikilia kwenye 32 usiku na mchana, hatuuachi ushuke gizani kama zamani. Themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto, nimeshanunua, na waya wake wa kipimo nimeufunga mahali pasipoweza kuteleza. Unyevu sikuuondoa kama nilivyotaka mwanzoni. Chatu huyu anahitaji asilimia 50 hadi 60, akiukosa ute unazidi kukauka. Kinachoumiza ni unyevu ukikutana na baridi na hewa isiyozunguka. Yale matandiko yaliyoloa chini nimeyatupa, kwa sasa analalia karatasi kavu, nazo zinanionyesha upesi akitema kitu.

Dawa ni seftazidimi, ya kuua bakteria, sindano moja kila baada ya saa 72. Inachomwa kwenye msuli wa nusu ya mbele ya mwili, kwa sababu damu ya upande wa mkia huweza kupitia kwenye figo kabla ya kuzunguka kwingine, dawa ikapotea na figo zikachoka. Tunabadilisha kushoto na kulia. Mimi namshika, baba yako anachoma, na sikutegemea ningeandika sentensi hiyo maishani mwangu. Kipimo kinatokana na uzito wake na daktari ndiye anayekipanga. Usije ukamwambia mtu mwingine "dawa ya Mkanda ilimponya, mpe na wako". Na kipovu kikiisha puani hatutaacha. Tunamaliza muda wote tuliopangiwa.

Umeuliza kwenye ujumbe wako kama nimempa panya. Hapana, na sitampa hadi daktari aseme. Kumeng'enya mlo kunakula nguvu ileile anayoihitaji kupumua, na akitapika akiwa na mapafu hayo tutakuwa tumemwongezea tatizo. Usiogope njaa yake, chatu mzima hukaa miezi bila kula na akaamka salama. Maji yapo kila saa. Wala hatumtoi kumchezea, anatoka kwa sindano na mizani basi.

Kuna aliyetushauri tuweke mafuta ya mkaratusi kwenye kizimba ili "afunguke pua". Nilikataa. Harufu kali kwenye chombo kilichofungwa, kwa mnyama anayepigania hewa, ni kumkaba kwa jina la msaada.

Limebaki moja nililolitunzia mwisho kwa sababu linagusa ule mpango wako. Daktari amempima pia virusi vya nido, vilivyoelezwa kwa chatu mwaka 2014, ambavyo huleta dalili hizihizi za kamasi na mdomo wazi. Bakteria tunawaua kwa sindano. Virusi hivyo havina dawa ya kuviondoa, na nyoka anaweza kuwa navyo akionekana mzima kabisa. Kwa hiyo yule chatu wa pili unayeniandikia kila wiki, mwenye madoa mazuri, hatamkaribia Mkanda kwanza. Akija siku yoyote ile, atakaa chumba kingine miezi isiyopungua mitatu, na vyombo vyake, na mikono inaoshwa kabla ya kuhama upande. Mikono uoshe hata bila hayo, salmonela, bakteria wa kuumiza tumbo la mtu, haiangalii kama nyoka ni mgonjwa au mzima.

Jana usiku alishusha kichwa chini akalala amejikunja kama kawaida yake, na mlio nimeusikia mara chache tu. Sitaki kukupa furaha ya haraka, bado anapumua kwa kazi.

Majibu ya virusi yakitoka nakutumia picha ya karatasi nzima, yawe mazuri au mabaya. Kabla hayajatoka, yule chatu wa pili usimlipie.

Mama yako