Mzimu usio na mzimu, na ile elfu mbili mnayoilalamikia

Usiku wa Jumatano kaka mmoja wa Gungu alitutumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Tatu ni lawama tupu, ya nne ni mvua inapiga bati, husikii kitu. Alikuwa amenunua kitabu dukani kwetu hapa Mwanga, Kigoma, kwa shilingi 14,000, akafika nyumbani, akala mapema, akazima taa akabaki na tochi ya simu, akasoma mpaka ukurasa wa mwisho. "Jalada limeandikwa mzimu. Nimesoma chote. Mzimu uko wapi? Mmenila hela yangu."

Kitabu chenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Aliyekisoma anajua kwamba mzimu wa humo ni mahali, pale panapotambikiwa, na kwamba kinachofuata ni maiti, maswali, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake akiyapanga mambo taratibu. Ni riwaya ya upelelezi, na waliokuja kuandika upelelezi kwa Kiswahili baada yake wamekuta njia imeshafyekwa. Lakini mtu aliyetaka jini la kumkaba usiku, ukimpa mzee anayevuta kiko na kufikiri, lazima aone kaibiwa.

Naomba niseme na upande wetu. Kaka aliingia saa kumi na nusu jioni, bodaboda ikimngoja nje bila kuzimwa. Nikamuuliza anataka ya kutisha ya namna gani. Akasema ya kutisha tu. Nikamwambia kuchaguliwa kitabu na sisi ni shilingi 2,000 juu ya bei yake, na tukikosea unabadilishiwa. Akacheka: "Elfu mbili ya maneno?" Akaliona neno Mzimu rafuni, akachomoa mwenyewe, akalipa, akatoka. Ningeweza kumkimbilia mlangoni. Sikumkimbilia, na hilo nalikubali ni kosa langu, maana nilijua anachobeba sicho anachokitaka.

Ila hiyo "elfu mbili ya maneno" naisikia kila wiki, na leo nimeamua kuijibu mara moja, ili akija mwingine nimwonyeshe hapa nikaendelea na kazi.

Kwanza, neno "ya kutisha". Kwa wateja wetu neno hilo limebeba vitabu vya aina nne visivyofanana hata kidogo. Kuna upelelezi: mtu kafa, nani kaua. Kuna ujasusi: nchi iko hatarini na kijana mmoja kapewa tiketi ya ndege na bastola, huko ndiko aliko Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye wazee wa mji huu bado wanamzungumzia kama walisoma naye. Kuna taharuki: wewe msomaji unajua kisu kiko chini ya mto, anayekwenda kulala hajui. Halafu kuna kutisha kwenyewe, ambapo kitu kisichotakiwa kuwepo kipo. Nikikosea hapo umeumia, hata kama kitabu ni kizuri.

Ndiyo maana tunauliza. Swali la kwanza ni kitabu gani cha mwisho ulikimaliza. Kukimaliza, si kukianza. Watu wengi hapa hutaja kitabu walichokianza shuleni wakakiacha, na hicho hakinisaidii kitu. La pili, utasomea wapi na saa ngapi. Watu hulicheka swali hili. Mlinzi mmoja wa ghala kule Kibirizi alikuja akitaka ya kutisha, na alivyosema zamu yake ni ya usiku na yuko peke yake nikamshauri achukue upelelezi. Akasema yeye ni mwanaume. Nikampa. Saa moja asubuhi alikuwa mlangoni kabla sijafungua, kitabu kimefungwa kwenye koti. Kafika ukurasa wa 60, kiti kakihamisha kutoka mlango wa ghala mpaka getini chini ya taa, na hapo ndipo alipokaa hadi alfajiri, ghala likijilinda lenyewe. Nikambadilishia bila shilingi, na tajiri wake hajui mpaka leo.

Swali la tatu ndilo linalochukua muda: nini hutaki kukutana nacho humo ndani. Kuna mama aliniambia hataki kitabu chenye maji. Sikumuuliza sababu. Kigoma ukiambiwa hivyo huulizi, ziwa liko pale chini. Nilikuwa na riwaya moja ya taharuki niliyoona inamfaa kabisa, ila kichwani nikakumbuka kama kuna mtumbwi mahali, na nilikuwa nimeisoma miaka miwili nyuma. Nikamwomba arudi kesho yake. Usiku ule nikaipitia upya, na kweli, karibu na mwisho, kuna mtu anatoswa. Kurasa mbili tu. Nikaiweka pembeni, nikapitia nyingine, na ya tatu ndiyo aliyoondoka nayo. Alilipa 2,000 kama kila mtu.

Hayo ndiyo "maneno" yenyewe. Hatupendekezi kitabu ambacho hakuna aliyekisoma hapa dukani mpaka mwisho. Mimi nasoma, mke wangu anasoma, na yeye ndiye hodari wa vya kutisha. Mimi vya majini vinanisumbua, nasema ukweli. Elfu mbili kwa kitabu ambacho mtu kakesha nacho si bei. Na ukinunua viwili kwa mpigo, hiyo elfu mbili tunaikata.

Sasa niwaambie njia za mkato, maana ndizo zinazotuletea kelele.

Inayoongoza ni fotokopi. Mtu anaazima riwaya kwa jirani, anakwenda stesheneri, anatoa nakala. Tufanye hesabu. Kitabu cha kurasa 240, ukilaza kurasa mbili kwenye karatasi moja unapata karatasi 120. Kwa shilingi 100 kila karatasi ni 12,000, na kubana na jalada la plastiki 2,000. Jumla 14,000, bei ileile ya kitabu halisi, na unachobeba ni mzigo wa karatasi za A4 usioingia mfukoni, maandishi ya katikati yamemezwa na mbano. Achilia mbali kwamba ni kosa kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Mwandishi wa riwaya Tanzania anakula kwa nakala chache sana. Ukimnyima hiyo moja usilalamike kwamba siku hizi hawaandiki.

Na kuna kisa. Vitabu hukunjwa kwa mafungu, mengi ni ya kurasa 16, kisha hushonwa au kugundishwa pamoja. Mfungaji akichoka, fungu moja linaingia mara mbili na jingine linasahaulika. Mzigo ukifika kutoka Dar sisi tunafungua kila kitabu na kuhesabu namba za kurasa kwa kidole, kimoja kimoja, hata viwe 80. Mwaka fulani tulikuta nakala ina ukurasa wa 97 hadi 112 mara mbili, na wa 113 hadi 128 haupo. Tukairudisha kwa gharama zetu. Miezi ikapita, akaja kijana na fotokopi ya riwaya hiyohiyo, anataka nimweleze. Anasema mwandishi huyu ni fundi, anamrudisha msomaji nyuma kusudi halafu anamrusha mbele, muuaji anatajwa ghafla bila maelezo. Nikaangalia namba: 97 hadi 112, tena 97 hadi 112, kisha 129. Kumbe nakala nyingine mbovu ilishaingia mjini kwa mlango mwingine, mtu kaitoa fotokopi, na fotokopi nayo imetolewa fotokopi. Sijui ni watu wangapi Kigoma wanaamini ule ni ufundi wa mwandishi. Nilimwonyesha kijana zile kurasa 16 kwenye kitabu kizima. Alizisoma amesimama, hakusema neno, akalipa.

Njia nyingine ya mkato ni kuagiza kwa simu. Mwalimu mmoja wa Kasulu alituma picha ya jalada, anataka hicho hicho, hataki maswali. Kilikuwa The Housemaid's Secret cha Freida McFadden, cha 2023. Nikamjibu: mwalimu, hicho ni cha pili, kinatanguliwa na The Housemaid cha 2022, na ukianza na cha pili utakuwa umejiharibia cha kwanza. Akaandika: "Wewe uza." Nikauza. Wiki mbili baadaye akaagiza cha kwanza, na baada ya siku tatu akapiga simu kulalamika kwamba hakina mshituko, yote anayajua. Mwalimu wangu, ungeyakosaje kuyajua? Ni habari za dada wa kazi anayehamia nyumba ya matajiri, chumba chake kiko juu darini, na utamu wake wote uko katika kutojua. Huwezi kunywa chai halafu ukalalamika kikombe ni kitupu.

Wale wa hadithi za simu, za "sehemu ya 38, usikose sehemu ya 39", mnaokuja kutuuliza mwisho: hatuna. Nyingine hazina mwisho popote.

Kuhusu kurudisha. Mtu alikuwa akinunua Ijumaa, anakesha, Jumamosi anarudisha kwamba "hakijanikamata". Kakimaliza! Sasa vitabu vya kuchaguliwa vina kipande cha manila ukurasa wa 50, kimeandikwa kwa kalamu: ukifika hapa na bado unaangalia saa, lete. Na sura ya mwisho mke wangu ameizungushia utepe wa karatasi, ameubandika kwa uji wa ngano ili usiharibu kurasa. Utepe ukiwa mzima unabadilishiwa ndani ya siku tatu. Ukikatika, kitabu ni chako, na ukiukata kabla ya kufika, hayo ni yako na nafsi yako.

Wanaouliza nini kipya cha kusoma: kwa Kiswahili cha sasa, ukitaka mbio na jasho, mimi huanza na Hussein Tuwa. Mkimbizi kwa anayeanza, Mdunguaji kwa aliyekwisha kuzoea. Kila nikiagiza vinaisha kabla sijavipanga rafuni. Kwa Kiingereza, The Silent Patient cha Alex Michaelides, cha 2019: mwanamke anampiga mumewe risasi tano, na tangu hapo hasemi neno hata moja. Sura zake fupi, Kiingereza chake hakikuchoshi, na wanaosafiri na treni kwenda Dar wanakipenda kwa sababu unaweza kukifunga Kaliua na kukifungua Tabora bila kupotea. Usimpe mtu aliye katika ugomvi na mwenzake. Nilifanya hivyo mara moja, nikaulizwa kwa ukali nilikuwa namaanisha nini.

Na kama hujamsoma Ben Mtobwa, mzaliwa wa mkoa huu huu, nakuuzia bila kukutoza kuchaguliwa. Alifariki 2008, na Joram Kiango wake yuko hai kuliko wapelelezi wengi wa leo. Najua si vipya. Kwa kijana wa miaka ishirini ambaye hajavigusa ni vipya kabisa, na mara nyingi nikimpa Tutarudi na Roho Zetu? anarudi kuuliza kama mwandishi ana ukurasa Facebook.

Bei zetu zimezidi za Dar kwa elfu mbili hadi tatu, ndiyo. Reli ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka kule, vitabu ni vizito kama tofali, na masika boksi moja likilowa juu ya basi, kurasa zinashikana mpaka ukizifungua zinachanika na maneno yake. Hasara hiyo msafirishaji halipi. Tunalipa sisi, kisha tunaigawa kidogokidogo. Ukija na bei ya Kariakoo kwenye simu yako nitaiangalia kwa heshima, halafu nitakuomba unionyeshe na nauli.

Kaka wa Gungu nilimjibu asubuhi. Nikamwambia alete kitabu, ingawa hakulipia kuchaguliwa na amekisoma chote, nimkatie 10,000 kwenye kingine. Alikuja jana, safari hii bodaboda kaiacha iondoke. Tukakaa kwenye benchi la nje kama dakika ishirini. Kumbe kitabu cha mwisho alichokimaliza, kwa hiari yake, kilikuwa cha kuapizana na uchawi alichoachiwa na marehemu babu yake, na alikisoma mara tatu. Mke wangu akasikia kutoka ndani, akaja na kimoja ambacho mimi mwenyewe nilikiacha ukurasa wa 31 kwa sababu ya mlango unaogongwa. Akaulizia bei, akaongeza 4,000, akaweka na 2,000 juu yake bila kuambiwa. Nikamkumbusha kipande cha manila kiko ukurasa wa 50.

Leo Jumapili tunafungua saa nane mchana. Mzigo wa Tuwa umefika, vitabu ishirini na nne, vimeshahesabiwa kurasa.